Wimbo wa Nne Haujakosewa

Mkumbi, Mbinga.
24 Machi 2025.

Mpendwa mdogo wangu Gaudiosa,

Shikamoo yako nimeipokea hata kabla hujaituma: marahaba. Huko Mwanza mnaendeleaje? Mgongo wa shemeji umetulia? Sisi wazima, mvua zinatosha, ila goti langu linanikumbusha umri.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwenye simu ukoo mzima unasoma, na haya ni yako peke yako.

Umenichosha, mdogo wangu. Othmar ametoka kwenye bendi ya watu, akatengeneza albamu yake mwenyewe, nyimbo nane za roki, gitaa lake na ngoma tu. Nani mwingine Mkumbi yote ana mtoto mwenye albamu? Nilijua watu watasema. Dunstan, mwalimu wa kwaya, alisikiliza nyimbo tatu kafumba macho, kisha akaniuliza, "Mama Othmar, mwimbaji anaanza lini?" Nikamwambia mwimbaji ndilo hilo gitaa. Jirani yangu Otilia anadai kuku wake wamegoma kutaga. Hao nimewasamehe, nimewanyima kahawa tu.

Lakini wewe! Mama yake mdogo! Ukatuma sauti kwenye kundi la ukoo: "Wimbo wa nne wamekosea, ngoma inakwama, si wangerudia?" Na kicheko juu yake. Othmar yuko hapa nyumbani, aliisikia. Gitaa kaliweka darini juu ya magunia. Watu wa Mbamba Bay wamemwalika apige Jumatatu ya Pasaka, wanataka jibu Jumapili ya Matawi. Namjua mwanangu, atakataa.

Sasa sikia. Juzi akina mama walikuja kunisaidia ngoro, mashimo yetu ya kulimia mlimani. Wanaume walishafyeka majani na kuyapanga, kazi yetu ikawa kuyafukia. Nikaweka spika kwenye tuta, makusudi kabisa, wasikilize wapende wasipende. Wakalalamika mpaka wimbo wa nne. Hapo bibi Vitalia, mkubwa wetu sote, akasimamisha jembe.

"Nyamazeni! Huyu si Kunigunda analima?"

Gaudi, nilikaa chini kwenye udongo. Ile ngoma inapiga jembe, jembe, kimya kidogo, jembe. Marehemu mama yetu na mguu wake ule mbovu! Akipiga mara mbili, lazima ausogeze kwanza ndipo apige ya tatu. Mimi na wewe tulilima nyuma yake miaka yote. Jioni nilipomuuliza Othmar, akasema, "Nilidhani mama mdogo atakuwa wa kwanza kumtambua bibi."

Mimi niliishia la saba, na nakiri hata mimi sikumtambua. Nilikuwa na haraka ya kujisifu. Basi usikilize tena, siyo huku unakaanga samaki. Kaa chini. Kisha mpigie yeye mwenyewe, siyo kwenye kundi, kabla ya Matawi.

Nisalimie shemeji Joakim, na Winnie, mwambie asome. Nakutumia kilo mbili za kahawa, ile ile waliyonyimwa Dunstan na Otilia. Mungu awalinde wote hapo, wewe akuongezee na masikio.

Na ukifika kwenye kile kimya, usiseme wamekosea. Mngoje mama, kama tulivyokuwa tunamngoja.

Dada yako akupendaye, hata leo nilivyokasirika,
Margareta, Mama Othmar