Mbuzi Niliyekutuma Umzalishe

Wambui wangu, jina la mamangu,

Habari ya huko Gitothua. Najua si wewe unasoma, ni bwanako Mwaura anakusomea. Mwaura, nakuomba usiruke mahali, hata ukiona ninajiaibisha.

Wambui, unakumbuka ile Jumapili ulinitembelea hapa Kiandutu, mvua imenyesha wiki nzima? Ulikuja na mkate na majani ya chai, ukanicheka ati nyumba yangu inanuka mbuzi kuliko zizi. Nilikuwa tayari na sare ya akina mama wa kanisa, kitambaa cheupe kichwani, nimekipiga pasi mara mbili. Halafu yule mbuzi wa madoa akaanza kulia nyuma ya nyumba. Alikuwa anatupa mimba.

Nikakwambia, "Ingia umsaidie, mimi nitachafuka."

"Mum, leo nimekuwa mkunga?"

"Mkunga hachagui mgonjwa. Ingia."

Ukakunja sweta, ukavuta kile kitoto kilichokufa, damu hadi kwa viwiko. Mimi nilisimama mlangoni nikikuelekeza kwa kidole. Halafu nikaenda kanisani, nikaimba.

Siku chache tu, homa ikakushika. Nikasema ni malaria. Macho yakageuka manjano, tukakupeleka hospitali, na ukiwa kwa kitanda ukaniambia polepole, "Mum, katikati ya kila kitu naona doa jeusi." Daktari akatueleza ni homa ya Bonde la Ufa, virusi vyake vinakaa kwa damu ya mnyama mgonjwa. Vilikuwa vimeumiza ini, vikaumiza na nyuma ya macho. Ini likapona. Macho yakabaki na kovu, ukabaki unaona pembeni tu. Alisema wengine huona tena, wengine hapana, tungoje. Tumengoja. Wewe uliyekuwa unashona kola kiwandani Ruiru ukipiga stori, sasa unapapasa kikombe mezani.

Watu wanasema ni mapenzi ya Mungu. Hata wewe ulinituliza, "Mum, hukujua."

Nilijua, Wambui. Ijumaa kabla ya ile Jumapili, tukianika nguo, jirani yangu Mama Kibe aliniambia kondoo zake zinatupa mimba, na daktari wa mifugo amesema mtu asishike kwa mikono mitupu. Nikamjibu, "Hao wanataka tu kutumalizia mifugo." Na ile Jumapili nilikumbuka maneno yake, nikiwa hapo mlangoni. Nikanyamaza. Ningekwambia, ungeacha mbuzi, ningeingia mimi, na kitambaa changu kingeharibika.

Nilipokuja kwako juzi, ulinigeukia ukacheka. "Naona kitambaa chako, mum. Uso ndio sioni." Nikasema naenda choo, nikalia huko.

Jumamosi nitakuja. Ukiona hunitaki, Mwaura anijulishe, sitakasirika, nitabaki nikikuombea. Lakini ukinifungulia, sitakaa mbele yako. Nitakaa kando, pale unaponiona kwa pembe ya jicho, kichwa wazi, ili haya yote nikwambie tena kwa mdomo wangu ukiwa unaniangalia usoni.

Nisalimie mwenye kukusomea.

Ni mimi mamako, niliyesimama mlangoni.