Kopo la Vidonge vya Mama

Dada yangu,

Paka wako kazaa watatu, tena juu ya sanduku langu la nguo.

Mama bado yuko wodini. Usaha wa kidonda chake niliupima mwenyewe hapa maabara. Bakteria wake wana pampu ya vipande vitatu: kimoja kwenye utando wa ndani wa seli, kimoja kwenye wa nje, cha tatu kinaviunganisha. Vikishashikana, dawa ikiingia tu inatapikwa nje. Tumeshajaribu dawa tano.

Unakumbuka, kila akipata nafuu nilimwambia aache kumeza vidonge vya kuua bakteria, vilivyobaki aweke akiba koponi? Sijamwambia daktari.

Jana Mama kanipa kopo lile. “Mpelekee dada yako, anakohoa.”

Nimelificha. Akikuuliza, mwambie limefika na umeshapona.

Mdogo wako