Umekaribia, Usikate Simu

Ipuli, Tabora
12 Mei 2024

Mwanangu Ruaa,

Assalaam alaykum. Natumaini u mzima na hilo joto la Dar halijakumaliza. Mimi sijambo, ila goti la kushoto bado linanigomea nikisujudu.

Nakuandikia kama tulivyokubaliana, maana kwenye simu hatumalizi dakika mbili bila kugombana, na wote tunajua tunagombania nini. Siku aliyofariki mama yako nilikupigia asubuhi nzima, hukupokea, nikamzika alasiri. Wewe unasema ningekungoja. Mimi nasema maiti haicheleweshwi. Tuyaache hapo.

La leo ni jingine. Nimeanza kucheza shindano la televisheni yenu hapo kazini kwako, Kapu la Jioni. Juzi wameuliza treni ikitoka Tabora kwenda magharibi inaishia wapi, Kigoma au Tanga. Mtu wa hapa kuulizwa hilo ni dharau, lakini nikapiga. Kila dakika wanakata hela, ila lile guta la zawadi lingenifaa kubebea mizigo ya duka.

Asali ya Sikonge nimempa utingo wa basi. Ikifika pungufu, kaonja.

Ni mimi baba yako,
Salmini


Dar es Salaam
19 Mei 2024

Baba,

Waalaykum salaam. Shikamoo. Mimi mzima, nakula, nalala. Goti likande kwa maji ya moto, usilipuuze. Asali imefika, ndoo ilivuja kidogo.

Usipige ile namba, baba. Mshindi anachaguliwa mchana, kabla hamjapiga. Kipindi chenyewe cha wiki nzima kinarekodiwa Jumanne, na lile neno "mubashara" kwenye kioo ni pambo tu. Ninyi mnaopiga jioni mnawekwa kwenye foleni, mnasubiri mpaka salio linaisha. Swali linafanywa jepesi makusudi, kila mtu ajione anajua.

Sauti inayowaambia msubiri ni yangu. Labda umeitambua. Mwanzoni nilikuwa nikiona aibu. Siku hizi sioni kitu, naenda kazini, narudi.

Mwanao,
Ruaa


Dar es Salaam
7 Julai 2024

Baba,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Hukunijibu, nikadhani unaumwa.

Dada Julieth wa duka la jirani kanipigia. Anasema umeuza friza. Anasema kila jioni unakaa na simu sikioni huku wateja wanakuja na kuondoka, na hiyo hela ya friza yote ni vocha. Bila friza utauza nini, baba? Soda za moto?

Nilikwambia mshindi ameshachaguliwa. Hukuniamini? Nilitaka nikasirike, hasira yenyewe haikuja. Nimekaa tu, nikachukua kalamu.

Mwanao,
Ruaa


Ipuli, Tabora
15 Julai 2024

Mwanangu,

Marahaba. Siumwi, alhamdulillahi, na Julieth mwambie auze vitenge vyake aache kuchunga duka langu.

Friza ilishazeeka, ilikuwa inanguruma kuliko mwenye duka. Na nilikuamini tangu ulipoandika. Guta silitaki tena.

Nilipopiga mara ya kwanza, ulipokea wewe. "Hongera! Umekaribia sana. Tafadhali usikate simu." Halafu mwishoni unacheka kidogo. Nikasubiri, ikajirudia, ukacheka tena. Tangu msiba hujacheka nami, Ruaa. Kwa hiyo jioni nikishaswali napiga. Salio likiisha nafunga duka, naenda kulala. Ndiyo hivyo. Nimeona haya kukuandikia, ndiyo maana nilinyamaza.

Ulirekodi lini? Unasikika mzima sana.

Baba yako,
Salmini


Dar es Salaam
28 Julai 2024

Baba,

Shikamoo. Sijambo.

Umeuliza, basi nakujibu. Nilirekodi siku ile ile ya msiba, asubuhi. Simu zetu huwa tunaziacha kwenye droo nje ya studio, ndiyo utaratibu wao. Walinifanya nirudie maneno tena na tena, wakisema sauti yangu haina furaha. Mwishowe fundi mitambo akanitania, nikacheka, wakasema hapo hapo, hiyo ndiyo tunayoitaka. Nikatoka nikifurahi. Nikafungua droo, nikakuta simu zako ambazo sikuzipokea.

Yule unayemsikia hajui kuwa mama hayupo. Kazini wanamfungulia kwenye spika kila siku, nami napita kama simjui.

Sikukwambia kwa sababu sikujua ningeanzia wapi. Sijui kama inabadilisha kitu.

Mwanao,
Ruaa


Ipuli, Tabora
9 Septemba 2024

Mwanangu Ruaa,

Assalaam alaykum. Hali yangu ni hivyo hivyo. Barua yako niliikalia muda mrefu. Kila nikitaka kujibu nasimama napanga sabuni kwenye rafu. Unisamehe.

Baada ya kuisoma sikuweza kupiga tena. Jana nikapiga. Kapokea mwingine. Sauti nzuri tu, maneno ni yale yale, lakini si wewe. Nikakata.

Kumbe umeondoka pale na hukuniambia. Na mimi sikukuuliza. Sasa sina pa kukusikia isipokuwa kwako mwenyewe. Ijumaa nikitoka msikitini nitakupigia. Tukigombana, basi tugombane.

Baba yako,
Salmini


Dar es Salaam
14 Septemba 2024

Baba,

Waalaykum salaam. Shikamoo. Mimi mzima.

Kazi niliacha mwezi wa nane. Nilikwenda kwa wanaosimamia mambo ya mawasiliano, nikaeleza yote. Wakaandika, wakasema watanipigia. Kapu la Jioni bado linaonyeshwa.

Jana uliponipigia sikuwa kazini, na simu haikuwa kwenye droo. Ilikuwa mezani, mbele yangu. Nililiona jina lako. Niliiangalia mpaka ikanyamaza, mkono haukwenda. Sikuwa na hasira na wewe, hilo nataka ulijue. Niliogopa ningekwambia mzima, nakula, nalala, kama ninavyoandika humu, na si kweli.

Ijumaa ijayo piga tena. Nikichelewa kupokea, usikate.

Mwanao,
Ruaa