Wifi Amegusa Kitufe cha Watu Wote

Bibi mshauri, shikamoo. Naomba msaada kabla sijaacha kazi, mimi natengeneza tovuti na ndiye ninayetunza kile tunachokiita kapu, yaani msimbo wa pamoja ambamo kila mmoja ofisini anachota vipande vya kujengea kurasa zake, vitufe, fomu, kalenda, badala ya kuviandika upya, sasa nafanya kazi na wifi yangu, dada wa mume wangu, naye alitaka kitufe kikibonyezwa mara moja kizimike, akaniomba nikasema nitaangalia, akaniomba tena nikasema nitaangalia, kazi zilikuwa nyingi, basi akaingia kapuni akakibadilisha mwenyewe, na kwa kuwa kitufe ni kimoja kwa wote, kurasa zote zikabadilika, hata ya zahanati moja, mteja wetu, mgonjwa akikosea tarehe ya kumwona daktari hawezi kusahihisha, kitufe kimeshazimika, bosi akanisema mimi mbele ya watu, nikanyamaza, maana nikimtaja wifi nyumbani hakukaliki, na juzi mezani akamwambia mama mkwe, "Huyu mkwe wako ana choyo hata cha vitufe," wakacheka, sasa nafikiria nimpe kila mtu nakala yake ya kapu, aharibu anavyotaka, nijiondokee.

Mtunza Kapu

Marahaba, mjukuu wangu. Shule sikukaa sana, hayo ya msimbo binti wa mwanangu amenieleza mara mbili nikamwambia basi, nimeshaona panapouma.

Pole kwa kusemwa. Lakini nani alikudanganya kwamba "nitaangalia" ni jibu? Hilo ni neno la kumfukuza mtu kwa adabu. Ulimnyima huku ukijiona mwema.

Na wifi yako naye hana nafuu. Sahani yake haikukolea, akamwaga chumvi kwenye chungu cha watu wote. Wewe ukaona, ukafunga mdomo. Unamwogopa wifi, mgonjwa anamkosa daktari.

Habari ya nakala iache. Kila mtu akiwa na chake, vikiharibika utakimbilia kutengeneza cha nani kwanza?

Kesho mwite, ofisini, si mezani kwa mama mkwe. Mwambie, "Uliniomba nikakupuuza, hilo langu. Umebadilisha cha wote kimyakimya, hilo lako." Kirudisheni kitufe cha zamani, na hicho cha kuzimika kikae kando, achukue anayekitaka, binti anasema inawezekana. Kisha nendeni kwa bosi wote wawili. Tangu hapo asiingize mtu kitu kapuni kabla mwenzake hajakitazama, hata wewe. Mumeo usimwingize, mwache ale alale.

Wifi akikataa kwenda, nenda peke yako umtaje. Atanuna. Mwache anune, wagonjwa wapate tarehe zao.