Korosho Mlangoni kwa Mama

Jumatano. Mvua imepiga tangu saa mbili asubuhi mpaka karibu na adhuhuri, kisha jua likatoka kali, watu wakaanza kuanika kama hakukutokea neno. Mie sina raha. Nnaandika nikiwa na rangi nyekundu kwenye kucha na aibu ambayo sijui niitie wapi.

Leo nimegundua kwamba herufi zangu nzuri zimemfungia mama yangu ndani wiki saba.

Nianze na majivuno, maana ndiyo yaliyonifikisha hapa. Kazi yangu ni kuchora mabango ofisini, na nimepewa meza ya dirishani. Kabla ya hapo nilikuwa nikichora mabango ya sinema: sura kubwa kuliko mlango, midomo myekundu, bastola, machozi yanayoonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Siku hizi nikiyakumbuka mabango yale najichekea. Fundi wa Kijerumani aliyekuja kwa kazi ya kujenga majumba mapya alinionyesha kitabu chake cha herufi. Nyembamba, hazina mikia wala mapambo, na karatasi yote nyeupe imeziachia nafasi. Wallahi nilikipenda kitabu kile kuliko chakula. Tangu siku ile nikawa mtu wa kukataa. Jalada la santuri likiwa na rangi zaidi ya mbili, silitaki, hata muziki uwe mzuri vipi. Kanga ikijaa maua, nasema fujo. Hata suruali za bugaluu za vijana, ambazo wakubwa wanazipigia kelele kwa ajili ya adabu, mie nilizikataa kwa kile kitambaa cha bure pale chini. Nilikuwa sishikiki.

Basi nilipopewa kazi ya kutia alama majumba mapya ya Michenzani, nilijiona nimefika. Jumba refu, na milango ya ngazi yote sawasawa. Kila ngazi niliipa herufi moja, nyeusi juu ya ukuta mweupe, urefu wa kidole, pembeni mwa mlango. Hatukushika hata brashi. Tulikata herufi kwenye bati, tukapuliza rangi kwa bomba, asubuhi mbili kazi imekwisha. Mashine ina raha yake, sikatai: haichoki na haitetemeki mkono. Mkuu wangu, Bwana Haji, alinipa mkono mbele ya wageni, akasema jina langu litapelekwa pamoja na wanaokwenda Ujerumani kusoma. Mie nshaanza hata kuulizia koti.

Mama alipewa nyumba humo humo, ngazi D, ghorofa ya pili, kwa sababu nyumba yetu ya udongo ilivunjwa kupisha majumba. Mie nakaa Malindi na mke wangu, nikawa namtembelea mchana.

Na mama ni mtu ambaye mguu wake haukai nyumbani. Arusi, hitima, kumtazama mzazi, yeye wa mwanzo kufika na wa mwisho kuvaa viatu. Tangu ahamie pale, kimya. Magoti, akaniambia, ngazi zinamuua. Nikamnunulia mafuta ya kuchua. Hata Bi Mwanaidi wa Kikwajuni alipoanza kuugua, ambaye wamenyonya ziwa moja, mama hakwenda kumtazama. Hapo nilitakiwa nijue kwamba hayo si magoti. Sikujua.

Leo nimemkuta amekaa kwenye kidaraja cha mlango wa ngazi B. Buibui limerowa chapa, kapu la machungwa ya mgonjwa liko mapajani, na kila anayepita akimwamkia yeye anaitikia "Marahaba" kama yuko barazani kwake. Nikamwuliza mbona amekaa pale.

"Napunga upepo."

Na huku anatetemeka. Nikakaa ubavuni mwake. Ndipo akasema, bila ya kunitazama. Alitoka asubuhi kwenda kwa Bi Mwanaidi, roho imemshinda. Mvua ikamkamata kabla hajafika mbali, akarudi mbio, na alipofika hakuujua mlango wake. Akakaa, anamngoja jirani anayekaa ghorofa ya juu yake apite, amfuate nyuma kama anayekwenda zake tu. Muda wa saa nne nzima. Watu wangapi wamepita, na hakumwuliza hata mmoja!

Aliona haya, na haya yenyewe ina kisa. Wiki ya mwanzo alipanda ngazi siyo, akakuta mlango wazi, akaingia. Alishavua buibui, alishakaa kitandani anajipepea, mara akatoka mwanamme chooni na taulo.

"Mwanamme mzima, mwanangu! Na mie kichwa wazi!"

Nilitaka kucheka, nikauma mdomo. Mama alikuwa analia.

Mama anasoma Msahafu bila ya kukosea nukta, na barua zake huziandika mwenyewe kwa herufi za Kiarabu. Za kizungu hakusomeshwa. Hili nimelijua tangu mdogo, maana barua za ofisini mie ndiye niliyekuwa nikimsomea. Siku nilipopuliza D ile nilimkumbuka Mjerumani, nikamkumbuka Bwana Haji, nikawakumbuka na wageni.

Mama hakunijia akilini hata mara moja.

"Nyumba hizi hazina uso," akasema. Kule kwetu aliijua yake kwa mlango wa buluu na baraza iliyomeguka.

Nikamwuliza nimchoree nini. Akatoa ncha ya kanga chini ya buibui, akanionyesha ile korosho kubwa ya pembeni, nyekundu, imejaa madoadoa. Nikamwambia ofisini watakasirika, ukuta ule hautakiwi kuongezwa kitu.

"Kwani wenye ofisi wanakaa hapa?"

Nimekwenda kuchukua kopo na brashi, bomba nimeliacha. Pembeni mwa mlango wa ngazi D nimechora korosho yenye urefu wa mtoto wa miaka mitano, madoadoa yote, na mkono umetetemeka mahali pawili na panaonekana. Sijafurahia kazi namna hii tangu enzi za machozi ya sinema. Wanawake wametoka kutazama, na bibi mmoja wa ngazi E ameshaniambia yeye anataka nanasi, tena nisimchoree dogo.

Baada ya alasiri mama akachukua kapu lake akaenda kwa Bi Mwanaidi. Nikangoja juu dirishani, roho mkononi. Karibu na magharibi nikamwona anarudi, peke yake, anapita B, anapita C, hapunguzi mwendo. Mlangoni akasimama, akaigusa korosho. Rangi ilikuwa mbichi, kidole chake kikaacha alama. Alama ile sitaifunika kwa rangi.

Kesho asubuhi nitamwambia Bwana Haji mwenyewe kabla hajaambiwa na mtu. Huenda Ujerumani ikanipita, na nitaumia, sisemi uongo. Lakini akitaka korosho ifutwe, brashi atashika yeye.

Nilipomuaga mama nilimwambia kesho nitakuja nimpeleke kwa Bi Mwanaidi. Akaniambia nisijisumbue, yeye njia anaijua.