Viatu Vilivyofungwa vya Kushukia

Kibanda cha wapanda milima, juu, Jumanne asubuhi

Kaka Romed mpendwa,

Kabla hata ya salamu naomba nikiri kwamba haya nitakayoandika sijamwambia mtu yeyote, si Mama wala padri. Nimeyabeba tangu Julai na sasa yamenishinda, kwa sababu yanahusu Jumamosi, siku unayokuja kupanda ukingo wa mashariki wa mlima huu kwa mtihani wako wa kuwa kiongozi wa wapanda milima. Nataka usipande.

Sasa nirudi kwenye adabu. Hujambo, kaka? Kile kikohozi kimekuacha? Sisi huku tu wazima. Mama anakusalimu, anasema ukija ulete hamira, na usije na nywele kama za mpiga fidla. Mbuzi wamepungua maziwa, theluji ya kwanza imeonekana kileleni, nami nimemaliza vitabu vyote nilivyopanda navyo, hata kile cha magonjwa ya nyuki.

Unajua kwamba tangu Babu Kassian atutoke wakati wa Kwaresima, chumba cha viatu ni kazi yangu. Jioni wageni wanavua, wanavaa ndara za sufi, nami nafunga mlango na ufunguo analala nao Mama. Asubuhi ninafanya kama alivyofanya Babu. Ninauliza kama vidole vina nafasi mbele, kama kisigino hakichezi, kama viatu vilinunuliwa jioni mguu ukiwa umevimba au asubuhi kwa haraka. Wanaopanda nawaambia waache kamba za juu zilegee kidogo ili kifundo cha mguu kikunjike. Wanaoshuka wasokote kamba mara mbili pale mguu unapokunjika, kisha wakaze mpaka kulabu ya mwisho, vidole visije vikagonga mbele. Naona haya kuwatazama usoni, kwa hiyo huwa naviambia viatu. Wananicheka, lakini wanasikia.

Asubuhi moja ya ukungu mwezi wa Julai nilikuta viatu vya Bwana Ottokar, mgeni wa kutoka Linz, vimesimama katikati ya sakafu. Havikuwa na mtu ndani, lakini vilikuwa vimekazwa hadi juu na kamba zimesokotwa mara mbili. Vimefungwa vya kushukia, na mwenyewe alikuwa anapanda. Alinicheka mbele ya meza nzima. "We binti, sasa mguu niupitishie wapi? Au ndiyo unanifukuza hivyo?" Akazilegeza, akaenda zake. Mchana mwamba ulimwangukia. Walimshusha kwa helikopta, na mguu wake wa kulia haukuokolewa.

Nilijiambia ni utani wa mgeni fulani. Ila nilikuwa nimeliona fundo. Mtu akijifungia mwenyewe, kitanzi kirefu huangukia kulia. Kile kiliangukia kushoto, kama mtu mwingine anapopiga magoti mbele yako akakufungia. Huna haja ya kuambiwa nani, Mungu amrehemu, alitufungia hivyo kila asubuhi, mpaka wenzetu shuleni wakatuita watoto wa fundo la kinyume.

Agosti vikawa viatu vya Bibi Roswitha, aliyekuja na dada yake kutoka Merano. Nilipovigusa vilikuwa na joto ndani, kama vimevuliwa sasa hivi, na mwenyewe bado alikuwa kitandani. Safari hii nilisema uongo. Nilimwambia soli inabanduka, hatafika mbali. Dada yake akamrukia: "Si nilikwambia! Unanunua viatu kwa kuangalia rangi, kama unanunua shada la maua!" Wakashuka wote wawili wakizozana mpaka misonobari ikawaficha. Adhuhuri radi ilipiga ule mnyororo wa chuma wa ukingoni, mahali ambapo wangekuwa wameushika kwa mikono. Mama alifanya ishara ya msalaba, akasema wanawake wale wana bahati. Mimi nikaendelea kumenya viazi.

Romed, jana asubuhi vilikuwa viatu vyako.

Vile vya mwisho alivyokushonea Babu, ulivyoviacha rafu ya juu visishike unyevu. Vilikuwa chini, katikati ya sakafu, ncha zimeelekea mlango wa bondeni. Nililifungua fundo, nikachomoa kamba zote tunduni, usiku nikazilalia chini ya mto. Leo nimeamka mto hauna kitu chini yake, na viatu vimefungwa tena, vimekazwa hata ngozi imekunjamana. Kitanzi kimeangukia kushoto.

Nilifikiria kukupigia simu, lakini simu iko jikoni, Mama angesikia, na wewe ungesema, "Zita, vitabu vitakutia wazimu, kanywe maziwa ulale." Najua pia kwamba ukiukosa mtihani huu kwa mara ya pili hawatakupokea tena, na kwamba hujawahi kutaka kazi nyingine duniani. Ndiyo maana sikuthubutu kukuomba tu. Ungekuja, ungecheka, ungezilegeza kamba na kupanda.

Basi nilifanya hivi. Nilichukua kisu cha Babu cha ngozi, nikakaa kwenye kigoda chake, nikavikata viatu vyako, kimoja halafu kingine, kutoka shingoni mpaka kwenye soli. Mafundo sikuyagusa. Kiatu kipya hakizoeleki kwa siku chache, na cha kuazima huwezi kukipandia ukingo ule. Hilo unalijua kuliko mimi. Nililia nikikata, maana Babu hakuwahi kushona vizuri kuliko pale. Ndani vilikuwa na joto. Vipande nimevitia kwenye gunia, na vitashuka pamoja na barua hii kwenye kisanduku cha mizigo kinachoshuka bondeni kwa waya saa nane mchana.

Mama ananiita, supu ya madonge ya mkate iko tayari na wageni wameshika vijiko. Msalimie mama mwenye nyumba wako na paka wake. Nikasirikie utakavyo, kaka, hata mwaka mzima, lakini unikasirikie ukiwa hai.

Mdogo wako akupendaye,
Zita