Kilemba cha Dumu la Dizeli

Baba,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa gereji hapa Masasi. Nakaa juu ya tairi, nasimama, nakaa tena. Fundi Bakari amenifukuza mara mbili pembeni ya gari, anasema namzibia mwanga. Gari lako limezima, Baba, na aliyelizima ni mimi.

Unayakumbuka madumu yako mawili ya njano, yale ya stoo. Moja la petroli ya mashine ya kupulizia mikorosho, jingine la dizeli ya gari. La dizeli ulilifunga kipande cha kanga shingoni. "Lenye kilemba ndilo la gari," ulikuwa ukisema, nami nikikucheka. Sasa una miezi miwili umetuacha, na juzi asubuhi naingia stoo, hakuna lenye kilemba. Salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, ilikuwa imeniziba pua, sisikii harufu yoyote. Ile petroli tunaichanganya na oili, kwa hiyo hata rangi haikunishtua. Nikabeba lililokuwa karibu na mlango, nikamimina lote kwenye tangi.

Newala gari liliondoka vizuri tu. Kabla ya kufika Chiungutwa likaanza kugonga, likatoa moshi mweupe, likanyamaza. Lori la matofali likanivuta kwa kamba hadi hapa, kila bodaboda akigeuza shingo. Fundi akanusa mdomo wa tangi, akanitazama. "Mama Rehema, hili umelilisha sumu." Akasema kama pampu ya dizeli imeliwa, basi tena. Kaka Saidi naye kwenye simu anasema liuzwe chuma chakavu. Nikamkatia. Najua ni mkubwa wangu, lakini nilikasirika.

Mama yuko eda, hatoki. Kila jioni nikirudi na gari napiga resi mara mbili kabla ya kuzima, vile ulivyokuwa ukifanya, naye kule ndani anatenga chai. Siku mbili hizi hajaisikia. Ameuliza mara moja tu, nikamdanganya kwamba lina pancha.

Kitambaa nimekiona jana, niliporudi nyumbani kwa basi. Natandika kitanda cha Mama, nainua mto, kipo. Amekifua, doa la dizeli limegoma kutoka. Ni ile kanga yake ya harusi uliyoichana bila kumuuliza, akakununia wiki nzima. Alikwenda mwenyewe stoo kukifungua, Baba, hakumwambia mtu. Nikaurudisha mto taratibu. Sitamwambia kilichotokea. Aliyemimina ni mimi.

Fundi amemwaga mafuta yote, amesafisha mabomba, amebadilisha chujio. Ananiita nikawashe. Ngoja.

Baba. Mara ya kwanza limekataa. Mara ya pili limekohoa tu, nikafumba macho. Mara ya tatu limewaka, mlio ni ule ule wako. Fundi ananiuliza sasa ninalia nini.

Naondoka, nisije nikachelewa. Lala salama huko uliko, nami sitaacha kukuombea. Nakuahidi dumu litapata kilemba kipya leo leo, na nitachana kanga yangu mwenyewe. Cha Mama kibaki chini ya mto. Nataka niingie uani kabla ya magharibi, nipige resi mara mbili, nizime, nimsikie akitenga chai.

Mwanao,
Somoe